Kazi Ikatwe kwa Kipimo cha Mwanafunzi

Hotuba kwa washauri wa wanafunzi, viongozi wa serikali za wanafunzi na wasimamizi wa asasi na vituo vya Dar es Salaam

Ndugu washauri wa wanafunzi, ndugu viongozi wa serikali za wanafunzi, ndugu wasimamizi wa asasi na vituo, nanyi wanafunzi mliokaa huko nyuma: habari za asubuhi, na asanteni kwa kufika.

Tuanze na neno lenyewe, kwa sababu limechoka. Mwanafunzi wa chuo akisikia leo “kujitolea”, picha ya kwanza inayomjia si kwenda kuwasikiliza watoto wakisoma Jumatano alasiri. Inamjia picha ya kaka yake aliyehitimu zamani, anayeingia ofisini saa 1:30 asubuhi na kutoka saa 9:30, bila mshahara, akisubiri nafasi itangazwe. Hilo nalo tumeliita kujitolea, na mdogo wake amejifunza kuliogopa neno. Kwa hiyo kabla asasi haijaja chuoni kuomba watu, ijiulize swali moja: huyu kijana asipokuja kesho, huduma itasimama? Kama itasimama, hiyo ni ajira, na anayeifanya alipwe. Nafasi ya mjitolea ni ile inayoongeza kitu juu ya huduma ambayo tayari ina mwenyewe.

Na tusiichanganye na fildi. Mafunzo kwa vitendo yana msimamizi, yana kitabu cha kumbukumbu, yana alama. Mwanafunzi yuko pale kwa sababu chuo kimemtaka awe pale. Saa za fildi zisihesabiwe kuwa saa za kujitolea, hata kama zilifanyika kituo kilekile na meza ileile. Tukizichanganya, hatutajua tena nani alikuja kwa hiari yake.

Moyo wa kusaidia upo. Mwanafunzi akifiwa na mzazi usiku, ikifika asubuhi darasa limeshachanga. CR, yaani kiongozi wa darasa, ametuma namba moja ya simu, ametaja kiwango, ametaja saa ya mwisho ya kupokea, na imeshapangwa nani wanakwenda kuzika na nani wanabaki kumchukulia mwenzao notisi. Wanafunzi haohao, wenye mifuko ileile, ndio tunaowalalamikia kwamba hawajitolei. Kwenye msiba kila kitu kimeshakatwa kwa kipimo: kiasi gani, kwa nani, mpaka lini, na yupo mtu wa kupokea. Asasi ikija chuoni inasema “tunahitaji vijana wenye moyo wa kuitumikia jamii”, halafu inaacha namba ambayo mchana haipokelewi. Tulichokuja kusema leo ni hicho kimoja: kazi ikatwe kwa kipimo cha mwanafunzi kwanza, ndipo mwanafunzi aitwe.

Nchi hii imewahi kulifanya jambo hili, tena kwa ukubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima takriban milioni 2 kwa muda wa wiki 12. Haikuanza kwa tangazo la kuwaomba watu wajitokeze kusaidia. Ilianza kwa kuwafundisha viongozi wa vikundi wapatao 75,000, ikawapa kitabu, ikawapa kipindi cha redio. Kikundi kilikaa, kikasikiliza, kikajadili, kisha kikatoka kuchimba choo au kufyeka nyasi zilizozunguka nyumba. Viongozi wengi wa vikundi hawakuwa wasomi, lakini kila mmoja aliijua kazi ya wiki ile. Mjitolea wetu wa leo yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, na mara nyingi hajui kazi ya saa ile aliyosimama getini.

Sasa tuhesabu muda. Chukueni muhula wa wiki 15 za masomo na wiki 2 za mitihani. Wiki ya 1 na ya 2 ni za usajili, kutafuta chumba na kusubiri bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo. Wiki ya 7 na ya 8 ni testi. Wiki ya 14 na ya 15 ni za kumalizia kazi za vikundi na kujiandaa na UE, mitihani ya mwisho wa muhula. Zinabaki wiki 4 kabla ya testi na wiki 5 baada yake. Huo ndio muda wa kujitolea alionao mwanafunzi, na ni mzuri kabisa kama asasi itaupanga hivyohivyo ulivyo: mzunguko mmoja wa wiki 4, mapumziko ya testi, mzunguko wa pili wa wiki 5. Asasi inayoomba “kila Jumamosi kwa mwaka mzima” inapata watu 40 wiki ya kwanza na watu 3 wiki ya saba, kisha inaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawana msimamo. Walioondoka hawakukosa msimamo. Walikuwa na testi.

Ndani ya wiki, saa 2 za kazi zinatosha. Chini ya hapo mtu anafika, anasalimia, anaondoka. Zaidi ya hapo kipindi kinamgonga. Safari ya kwenda na kurudi kwa jumla isizidi muda wa kazi yenyewe. Kwa hiyo kwa kazi ya saa 2, kituo kiwe mwendo wa saa moja au chini, kwa foleni ya kweli ya saa hiyo, siyo ile ya Jumapili asubuhi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, akipangiwa Kigamboni katikati ya wiki, ameshapotezwa kabla hajaanza, maana kuna foleni ya barabarani halafu kuna ya kivuko. Tafuteni kituo Sinza, Manzese, Ubungo, Makongo. Wa Kigamboni wapate wanafunzi wa vyuo vya Kigamboni. Inasikika ni jambo dogo mno la kusemea kwenye kipaza sauti, lakini kati ya sababu zote za watu kuacha kuja, umbali ndio tunaouona mara nyingi zaidi.

Siku nayo ina mambo yake. Asasi karibu zote huchagua Jumamosi, na kwa kufanya hivyo zimewafungia mlango wanafunzi Wasabato bila kukusudia. Ijumaa mchana Waislamu wako msikitini. Jumapili kabla ya saa 6 wengi wako kanisani. Tangazeni siku mbili kila wiki, moja iwe alasiri ya siku ya kazi. Kazi iishe saa 11 jioni ili anayekaa hosteli afike kabla giza halijaingia. Wazazi wa mabinti wanauliza hili, na wana haki ya kuuliza. Mwezi wa Ramadhani isogezeni iishe saa 10, kila mtu awahi futari kwake. Na mnapopanga matukio makubwa, itazameni kalenda ya chuo kabla ya kalenda ya dunia. Siku ya Usafi Duniani huwa Septemba, wakati ambao wanafunzi wengi wa vyuo vikuu wako fildi au wamerudi kwao mikoani. Anayewategemea wao kwa usafi wa ufukwe mwezi huo atabaki na mifuko mitupu. Awaombe wa sekondari za jirani na wakazi wa mtaa, na wa vyuo awaite Novemba.

Nauli. Hapa tunaomba tuvumiliane, maana ndipo asasi nyingi husema hazina bajeti.

Mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi kwa mnufaika wa mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa elfu kumi hiyo mwanafunzi anakula, analipa chumba, ananunua bando, anatoa nakala. Tuseme kituo kinahitaji daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja shilingi 600. Hizo ni 2,400, karibu robo ya fedha yake ya siku. Na huyo ni yule mwenye mkopo. Asiye nao hana hata hiyo robo ya kupunguza. Ndiyo sababu mahudhurio hushuka siku za mwisho kabla ya awamu mpya ya bumu kuingia, na ndiyo sababu wanaobaki hadi mwisho ni wale wa nyumbani wenye uwezo. Tukiliacha hivyo, kujitolea kunakuwa kitu cha wenye nacho, na watoto wa vituo wanakosa vijana wanaoyajua maisha yao kwa karibu.

Hesabu yake ni hii: wanafunzi 20, shilingi 2,400, mara 10 kwa muhula (wiki 9 za kazi na siku moja ya maelekezo), ni shilingi 480,000. Asasi inayosema haina fedha hiyo, mara nyingi imechapisha fulana za kampeni. Fulana 40 kwa shilingi 12,000 kila moja ni shilingi 480,000 hizohizo. Tunaiomba kila asasi iliyomo humu iandike mstari wa nauli kwenye maombi yake kwa wafadhili kabla ya kuandika mstari wa fulana.

Namna ya kulipa ina uzito sawa na kulipa kwenyewe. Nauli itumwe kwa simu jioni ya siku moja kabla, pamoja na makato ya kutolea. Ukisema “njoo, utarudishiwa”, aliyekuwa na shida ya nauli ndiye asiyekuja, na unayemrudishia ni yule ambaye angeweza kukaa bila kurudishiwa. Atakuwepo mmoja atakayepokea asije. Mara ya kwanza mpigie umuulize kulikoni, mara ya pili nauli yake isimame mpaka afike. Iitwe nauli, isiitwe posho. Neno posho linaleta watu wa aina nyingine, na linaleta ugomvi wa kiwango. Kazi ikipita saa 7 mchana, kuwe na chakula hapohapo kituoni, wali maharage unatosha, wale pamoja na wafanyakazi wa kituo.

Sasa karatasi ya kazi. Kila nafasi inayotangazwa iandikwe kwenye karatasi moja, upande mmoja. Iseme kazi yenyewe kwa kitenzi. Iseme mahali, kwa jina la kituo cha daladala na alama inayoonekana. Iseme siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, wiki ngapi, watu wangapi. Iseme nani anapokea na namba yake, na nani anashika nafasi yake akiwa hayupo. Iseme nauli inalipwaje. Na mwisho, sehemu ambayo karibu kila asasi huisahau, iseme mjitolea haruhusiwi kufanya nini.

“Kusaidia watoto kielimu” haitoshi. Kusaidia vipi? Iandikwe: “Kuwasikiliza watoto 5 wa darasa la pili wakisoma kwa sauti, kila mmoja dakika 15, na kuandika maneno yaliyomshinda kwenye daftari lake. Jumatano, saa 9 alasiri hadi saa 11 jioni, wiki 4. Mwalimu wa kituo yupo chumbani muda wote. Mjitolea hatoi adhabu, hasahihishi mitihani ya shule, habebi mtoto nje ya geti.” Watoto watano kwa robo saa ni saa moja na robo, dakika zinazobaki ni za kufika, kuketi, kumaliza na kuongea na mwalimu. Anayesoma karatasi hiyo anajua papo hapo kama anaiweza. Mwanafunzi wa uhandisi ambaye hajawahi kufundisha anaona kwamba hahitaji kuwa mwalimu. Stadi za KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndipo watoto wengi wanapokwama, na kumsikiliza mtoto mmoja mmoja ndicho kitu ambacho mwalimu mwenye darasa la watoto 80 hana muda nacho.

Wanafunzi wa uhasibu, sheria na kompyuta wapewe kazi za mezani, ambazo asasi ndogo zinazihitaji kuliko fulana na usafi. Asasi iliyosajiliwa inatakiwa kuwasilisha taarifa ya mwaka kwa Msajili, pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na nyingi huchelewa kwa sababu risiti ziko kwenye boksi. Wanafunzi wawili wa uhasibu, kwa mizunguko miwili, wanaweza kulipanga boksi hilo kwa mwezi na kwa mradi, likawa tayari kwa mkaguzi. Wasiguse fedha taslimu wala wasiweke saini popote. Upande wa kompyuta kuna kosa moja linalojirudia sana: mwanafunzi anatengeneza tovuti kwa barua pepe yake mwenyewe, anahitimu, anaondoka na nywila, na asasi inabaki na tovuti isiyoweza hata kubadilisha namba ya simu. Anwani isajiliwe kwa barua pepe ya asasi, nywila ikae na wafanyakazi wawili wa asasi, na mjitolea apewe ruhusa inayoweza kufutwa siku anapomaliza.

Turudi kwenye mlango wa chuo. Mwanafunzi anayetaka kujitolea peke yake anatumwa barua ya idara, halafu ya ofisi ya mshauri wa wanafunzi, halafu anafika kituoni anaambiwa alete ya serikali ya mtaa. Mpaka zikamilike, wiki 4 zimekwisha. Ndugu washauri, tunaomba barua moja kwa kikundi, kwa muhula, yenye orodha ya majina na namba za usajili, iliyosainiwa na ofisi yenu, ikiwataja msimamizi wa kituo na kiongozi wa kikundi. Serikali ya mtaa itaarifiwe na kituo chenyewe, maana ndicho kilichoko mtaani.

Kwa upande wenu nanyi, msimpeleke mwanafunzi mahali msipopajua. Ombeni cheti cha usajili. Kwa mashirika yasiyo ya kiserikali ni kile kinachotolewa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002. Taasisi nyingine zimesajiliwa chini ya sheria za vyama au za wadhamini, na hizo nazo zina vyeti vyao. Makao ya watoto yawe na leseni, kama Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavyotaka. Karatasi zikiwatia shaka, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anayajua makao yaliyomo kwenye eneo lake, na simu moja kwake ni bora kuliko picha nzuri za mtandaoni. Anzeni na orodha ya asasi 8 au 10 zilizokaguliwa, mziangalie upya kila mwaka. Orodha ya asasi 100 haimsaidii mtu, kwa sababu hakuna ofisi yenye watu wa kuzifuatilia zote.

Wiki ya kuwapokea mwaka wa kwanza ina ajali yake. Meza zinapangwa, vijana 300 wanaandika majina, kila mtu anafurahi, na hakuna anayewapigia. Wakipigiwa baada ya wiki 6, wengi wameshaingia kwenye mambo mengine, na wamejifunza kwamba kujiandikisha hakuna maana. Msiandikishe watu zaidi ya nafasi mlizo nazo mkononi na akiba ndogo. Mkihitaji watu 15, chukueni 20, mfunge daftari. Kila aliyeandika apate jibu ndani ya siku 3, hata kama jibu ni “nafasi zimejaa, tutakuita mzunguko wa pili”. Fomu iwe na maswali yasiyozidi 6: jina, namba ya simu, kozi na mwaka, siku anayoweza, kazi aliyoichagua kwenye orodha, na jambo lolote tunalopaswa kulijua, kwa mfano kama anatumia kiti cha magurudumu au hasikii vizuri, ili apangiwe kituo anachoweza kuingia. Acheni kuomba picha ya kitambulisho cha NIDA kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu asasi pia. Kitambulisho kionekane kwa macho siku ya kwanza, getini, kirudishwe kwa mwenyewe.

Na anayepokea getini awe mtu mwenye jina. Msimamizi mmoja anaweza kuwaangalia wajitolea 8 hadi 10 kwa wakati mmoja; wakizidi hapo, anaacha kazi yake kuwahangaikia wao, na wafanyakazi wenzake wanaanza kuwachukia wageni. Asasi isiyo na mtu huyo muhula huu iseme haina. Hakuna aibu. Isubiri muhula ujao, ianze na wajitolea wanne.

Tunakuja kwenye makao ya watoto, na hapa tutasema kwa ukali kidogo. Kundi la wanafunzi 50 kufika Jumapili na sabuni, sukari na unga, kupiga picha na watoto wamekaa mapajani, kucheza saa moja na kuondoka, huko ni kupeleka zawadi. Zawadi si vibaya. Zipelekwe na watu watatu, zipokelewe ofisini kwa risiti. Mtoto asihusishwe. Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu wake anajifunza, kwa kila kundi linalokuja na kuondoka, kwamba watu wazima hukumbatia na kupotea. Anayetaka kuwa karibu na watoto aje mzunguko mzima, kwa watoto walewale, na wiki moja kabla ya mwisho waambiwe kwa maneno ya wazi kwamba wiki ijayo ndiyo ya mwisho.

Kabla ya siku ya kwanza kila mmoja apate maelekezo ya saa 2 na asaini kanuni za kumlinda mtoto. Asibaki peke yake na mtoto chumbani. Mlango uwe wazi na mfanyakazi awepo. Asipige picha, hata mtoto akiomba. Asitoe wala kupokea namba ya simu. Asiahidi ada, wala nguo, wala kurudi. Asiulize “wazazi wako wako wapi”. Akiona alama za kipigo au akiambiwa jambo zito, asifanye uchunguzi wake: amweleze msimamizi siku hiyohiyo, na kama shaka inamhusu msimamizi mwenyewe, apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au aende kwa afisa ustawi wa jamii. Namba hiyo iandikwe nyuma ya karatasi ya kazi.

Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wana jaribu lao. Kambi ya upimaji ikizidiwa, mtu wa mwaka wa pili anajikuta anaambiwa achome sindano. Asikubali, na kiongozi wa kambi asimwambie. Apange foleni, aandike majina, apime urefu na uzito, aelekeze watu. Kambi bila watu wa kazi hizo huvurugika mapema sana.

Ipo kazi moja ambayo tayari imekatwa vizuri, na tunaweza kuitumia kama mfano: kuchangia damu. Timu ya Damu Salama, mpango wa taifa wa kukusanya damu, inakuja chuoni, kwa hiyo nauli haipo. Masharti yanajulikana: umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, afya njema. Mwanaume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kinachoharibika ni maandalizi yetu. Tunaweka hema saa 6 mchana, wanafunzi hawajala tangu jana usiku, watatu wanaona kizunguzungu mbele ya wenzao, foleni inayeyuka. Hema lianze saa 3 asubuhi, tangazo la jana yake liseme “kunywa chai na maji mengi kabla ya kuja”, lisiwekwe wiki ya testi wala siku za mwisho wa bumu.

Kuna na jambo la majira. Ukusanyaji wa damu umezoea kuegemea shule za sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa Juni na Desemba, akiba hushuka, huku ajali na akina mama wanaojifungua haviendi likizo. Mapema Desemba wanafunzi wengi wa vyuo vikuu wako madarasani, muhula wa kwanza. Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1985. Mwaka huu badala ya maandamano na mabango, kila chuo kilichowakilishwa humu kiweke hema la damu wiki hiyo. Mwanaume atakayechangia tarehe 5 Desemba anaruhusiwa tena kuanzia tarehe 5 Machi, na mwanamke kuanzia tarehe 5 Aprili. Serikali za wanafunzi zitunze daftari hilo na kuwakumbusha kwa ujumbe wa simu.

Kuhusu cheti, tuseme wazi kwamba mwanafunzi anakihitaji na si dhambi kukitaka. Ila “cheti cha ushiriki” chenye ua na muhuri hakimwambii mwajiri lolote. Kiandikwe: amefanya kazi gani, saa ngapi, kuanzia tarehe gani hadi gani, chini ya nani, na namba ya ofisi ya kuthibitisha. Saa 2 kwa wiki 9 ni saa 18. Aandikiwe 18, asiandikiwe “muhula mzima”. Kitolewe ndani ya wiki 2 baada ya mzunguko wa mwisho, kabla UE hazijawatawanya.

Wapo wanaoshauri kujitolea kuwe lazima kwa kila mwanafunzi, kuwe na alama. Tunawaheshimu, lakini hatuungi mkono. Ikishakuwa lazima, muhuri unanunuliwa, na vituo vinageuka mahali pa kusainisha fomu. Fanyeni iwe rahisi kwanza, miaka miwili, mtazame wangapi watakuja wenyewe.

Basi ndugu zetu, tunaomba kabla ya chakula cha mchana kila asasi ikae na mshauri wa wanafunzi wa chuo kilicho jirani nayo na kiongozi mmoja wa serikali ya wanafunzi, watu watatu kwa meza. Karatasi tupu za kazi ziko kwenye kila meza, na kalamu zipo. Jazeni nafasi moja tu, ya mzunguko wa kwanza, unaoanza wiki ya 3. Anzeni kwa kuandika jina la kituo cha daladala na jina la mtu atakayepokea getini. Ikiwa hayo mawili hayajapatikana, tuiteni, tutakuja mezani kwenu tuyatafute pamoja.